TAHADHARI: Karanga nyekundu za "mbegu" magulioni, Nachingwea na Masasi

Wakulima wenzangu, kuna jamaa anazunguka magulioni na viroba vya karanga zilizopakwa rangi nyekundu. Mchangamfu, mizani anayo, na jina la Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, halimtoki mdomoni. Kiroba hakina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Nilipoomba risiti akacheka: "Mzee wangu, hapa tunasaidiana tu."

Nilichukua kilo 20, kila kilo 5,000. Mbegu iliyotiwa dawa kweli huwa na rangi, ndipo aliponipatia hapo. Siku ya 10 shamba kimya. Nikafukua, zimevimba na kuoza.

Binti yangu anasoma sekondari. Akaziosha zilizobaki kirobani, maji yakawa kama ya kutilia rangi ukili. Chini ya rangi: karanga za kula, nusu yake zimepasuka. Akanionyesha kitu ambacho nimekitafuna miaka yote bila kukijua. Karanga nzima ukiiachanisha unapata mapande mawili, hayo ndiyo kotiledoni, ghala la chakula. Nchani katikati yake kuna kidude kama mdomo wa ndege. Huo ndio mmea wenyewe: upande mmoja radikali, mzizi unaotangulia kutoka, na upande wa pili plumula, itakayokuwa shina na majani. Mapande yakiachana, kidude hubaki na pande moja, au hudondoka kabisa. Pande lisilo nacho ni chakula kisicho na mlaji. Halafu kale kaganda tunakopeperusha tukikaanga ndiko kanakozuia fangasi. Kakichubuka, udongo mbichi unamaliza kazi.

Anauza na mahindi. Geuza punje utazame kibonde chenye rangi iliyofifia karibu na ncha iliyoshika gunzi, kiinitete, yaani mmea mchanga, kimelala hapo. Bungua wakishapala hapo, endospermu iliyobaki, yaani akiba ya wanga, inakufaa kwa ugali tu. Kwenye kunde atakusifia jicho. Jicho lile lina kovu tu, hailamu, pale kunde iliposhikamana na ganda lake ikila chakula cha mama. Pembeni yake kuna kitundu kidogo cha kupitishia maji. Kunde iliyokufa nayo ina jicho zuri.

Ukikutana naye, omba punje chache kwanza. Pasua mbili tatu palepale mbele yake (mimi niliona aibu, aibu yangu imenigharimu laki nzima). Nyingine 10 zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, usikiache kikauke, uangalie baada ya siku 5 ngapi zimetoa mzizi. Mwenye mbegu halali hatakukatalia.

Simu yake sasa haipatikani. Mke wangu alishauri tukaange zilizobaki, nimekataa, rangi ile hatuijui, nimezifukia. Waliomwona juzi wanasema alikuwa anaulizia gari la Newala.