Spektromita ya Masi Inayojiendesha: Wiki 6 Kando ya Kikaango cha Kahawa

Kwa wiki 6 tumeitumia spektromita ya masi ya aina ya kuhamisha protoni, yaani kifaa kinachotambua vilivyomo kwenye mvuke kwa uzito wa molekuli zake, katika karakana ya kukaangia kahawa ninakofanya kazi, mjini Hamburg, ili ituamulie ni wakati gani buni itolewe motoni. Jina la mtengenezaji ninaliacha, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona yalitokana na namna tulivyoifunga wenyewe.

Njia yenyewe si ngeni, kwani ilistawishwa Innsbruck, Austria, katika miaka ya 1990. Ioni za H3O+ (molekuli za maji zilizobeba protoni ya ziada, hivyo zina chaji) hukutana na mvuke uliofyonzwa, na kila molekuli yenye mvuto wa protoni mkubwa kuliko wa maji huinyakua protoni hiyo na kupata chaji, ilhali nitrojeni na oksijeni za hewa hupita bila kuguswa. Kwa hiyo sampuli haihitaji kutenganishwa kwanza kwa kromatografia ya gesi, kazi inayoweza kuchukua nusu saa, wakati mkaango wetu mzima ni dakika 12 tu.

Hapo ndipo inapostahili sifa. Kila sekunde mistari husogea kwenye skrini, kila mmoja na namba ya uzito wa molekuli pamoja na protoni iliyoinyakua: 33 ni metanoli, 61 ni asidi ya asetiki, na 80 ni piridini, ambayo hupanda kadiri kahawa inavyokolea weusi. Namba 69 ndiyo iliyonifurahisha zaidi, maana kifaa cha kwadrupoli, aina inayochuja ioni kwa umeme na kusoma uzito kwa namba nzima tu, kingeziona furani na isopreni kuwa kitu kimoja, lakini hiki, kinachopima muda wa ioni kusafiri, huziweka moja kwenye 69.03 na nyingine kwenye 69.07. Asetoni na propanali hakizitofautishi, kwa sababu zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Muuzaji alipaswa kulisema hilo kabla hatujauliza.

Usiku vali hujigeuza zenyewe, hewa safi ikapitishwa kutafuta sifuri, ikafuata gesi ya kulinganishia, na asubuhi mashine huwa tayari. Zamani kazi hiyo ilinila saa nzima.

Kasoro kubwa ilijitokeza wiki ya tatu. Mrija wa kufyonzea ulikuwa ukipashwa joto wote, isipokuwa kiungo kimoja, kifupi kama kidole, kilichoachwa wazi. Piridini ya mkaango mweusi ilinata hapo, ikawa inachuruzika polepole wakati wa mkaango uliofuata, na programu, ikidhani kahawa imeiva, ikafungua mlango wa kikaango. Mkaangaji wetu mkongwe alichota kiganja kimoja, akanusa, akasema, "Hii bado mbichi, inanuka nyasi." Kiungo tulikizungushia mkanda wa joto. Ninachokilalamikia ni kwamba programu iliridhika na sifuri ya usiku peke yake, wala haikujikagua kati ya mkaango na mkaango.

Chujio nalo huzibwa na maganda membamba ya buni kila baada ya siku mbili, na kulibadilisha bado ni kazi ya mkono.

Kwa karakana inayokaanga buni ileile mara nyingi kwa siku, ningeipendekeza. Kwa duka dogo, gharama yake haiwezi kutetewa. Sisi tumebaki nayo, lakini sasa hupitisha hewa safi kwa dakika 2 kabla ya kila mkaango, na wakati ukifika hupiga kengele tu. Mlango anaufungua mkaangaji.