Spacio new model, njia ya Mtwara–Lindi: uzoefu wangu upande wa usalama

Ninayo Toyota Corolla Spacio new model, NZE121 ya 2003, na njia ya Mtwara–Lindi naipita karibu kila wiki. Kwenye mafuta na vipuri sina neno. Ila ukiniuliza itakulinda kiasi gani siku ikigonga, jibu utalikuta chini ya zulia kabla ya kulitafuta kwenye usukani.

Bodi za Toyota za kizazi hiki zinafuata usanifu wa GOA ulioanza 1995: pua inajikunja imeze kishindo, chumba cha abiria kinabaki wima. Hesabu hiyo inataka bati zima, na chumvi ya pwani yetu hailali. Kutu huanzia ndani ya vizingiti vya milango, kwa sababu vitundu vya kutolea maji kwa chini huziba tope. Vizibue kwa waya kila mvua zikiisha. Kisha ng'oa plastiki ya kizingiti, kunja zulia hadi chini ya nguzo ya kati, pale bolti ya mkanda ilipofungwa, ugonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linabonyea. Hapo dawa ni kukata hadi kwenye bati safi na kuchomelea jipya. Fundi akijaza puti na kupiga rangi, amekuuzia sura. Pitisha sumaku: penye puti nene haishiki.

Mikanda nayo. Vuta polepole hadi mwisho, ukague yote. Ukingo uliochomoka nyuzi, au utepe uliojikunja mawimbi, badilisha. Halafu vuta kwa ghafla: lazima ukwame. Mkanda ukirudi kivivu ni jasho na vumbi. Fua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, ubane na kibanio cha nguo usirudi ndani mbichi, anika. Oili usiguse. Na wa nyuma wafunge pia: kugonga ukiwa spidi 50, ile ya vibao vya Mikindani na Mingoyo, ni sawa na kuanguka kutoka mita 10, na asiyefunga anamwangukia wa mbele.

Eabegi sasa, ile mifuko ya hewa inayofyatuka gari likigonga. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya SRS, yaani ya eabegi, kwenye dashibodi inatakiwa iwake kama sekunde 6, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, balbu imeungua au imetolewa. Ikisubiri injini iwake ndipo izime, mtu ameiunga na taa ya oili au ya chaji. Huo ni ujanja wa kuuzia gari, na nimeuona zaidi ya mara moja.

Tena kuna zile eabegi za Takata, kampuni ya Japani. Amonia nitrati, kemikali iliyomo ya kuzijaza hewa, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, yaani hali ya hewa yetu hasa, na ikifyatuka hupasua kopo la chuma na kurusha vipande. Corolla za 2003 zimo kwenye orodha ya kurejeshwa, kwa hiyo chukua namba ya chasisi uiangalie kwenye tovuti ya Toyota ya Japani.

Ngao ya chuma mbele nisingefunga. Inapendeza, lakini inaizuia pua kujikunja.

Siti ya tatu ndiyo udhaifu usiotibika. Kichwa cha mtu mzima kinakaribia kioo cha nyuma, na lori la korosho likikugonga kwa nyuma, hakuna buti la kupokea. Mimi nimeikunja. Panakaa mizigo, na gunia lazima lifungwe kamba.