TAHADHARI: vikundi vya maigizo, kuna tapeli wa "ruzuku" anatumia picha yetu

Habari zenu wadau wa sanaa. Itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, nimeandika na hasira.

Juzi Jumanne kanipigia dada mmoja wa Tanga, simjui hanijui, naye ni katibu wa kikundi cha maigizo kama mimi. Kaanza na hongera. Nikamuuliza hongera ya nini tena dada angu, akasema si nyie mlipata ile ruzuku ya milioni 23, tumetumiwa picha yenu mmeshika hundi. Nilikuwa kwenye daladala nikashuka kituo ambacho sio changu.

Jamani ile hundi ni ya boksi. Tulikata boksi la friji tukapaka rangi nyeupe, ni ya igizo letu kuhusu kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), kuna sehemu mume anakimbia nayo. Na picha nilimtumia huyo tapeli mimi mwenyewe kwa mkono wangu, aliposema mfadhili anataka kuona "ushahidi wa shughuli za kikundi". Sasa ndo chambo chake.

Turudi nyuma. Sisi tupo 14, tupo Mbagala, wote tunajitolea, kuna fundi cherehani, kuna bodaboda wawili, mama wa vitumbua, vijana wamemaliza form four wapo tu. Tunacheza viwanjani mambo ya mimba za utotoni, ukatili, mikopo ya kausha damu. Hakuna anayelipwa, ikipatikana hela inaenda kukodi spika na jenereta, ikibaki ni nauli na maji ya kunywa. Kwa hiyo mtu akitamka neno ruzuku masikio yote yanasimama, na yeye analijua hilo.

Na msidhani alikuja na zile meseji za "tuma kwenye namba hii". Huyu alikuja mazoezini kwa miguu yake. Kitambulisho shingoni, begi la laptop, anaongea andiko la mradi, walengwa, matokeo tarajiwa, maneno yote anayo. Kakaa kwenye benchi kaangalia mchezo mzima, ilipofika pale binti anafukuzwa nyumbani akatoa leso akafuta macho. Mwongozaji wetu ambaye huwa anatugombeza kila siku kwamba kilio chetu cha uongo akaninong'oneza, yule machozi yake ni ya kweli.

Malipo yakaenda hivi. Kwanza 45,000 ya kutuingiza kwenye mfumo. Ndogo, tukachanga. Halafu 120,000 ya kutafsiri andiko kwenda Kiingereza, na hapa ndo alituweza kabisa maana kweli andiko letu lilikuwa la Kiswahili na kweli wafadhili wengi wanataka Kiingereza, nani angekataa? Wiki tatu baadae ikaja barua kwenye email, mmekubaliwa, 23,400,000. Mama wa vitumbua alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja. Chini ya barua sasa, mtangulize kodi ya zuio asilimia 2 ndo hela iachiwe, yaani 468,000. Tukakomba hela ya vitambaa vya mavazi yote, mama akaenda kukopa laki 2 kwenye kikoba chake yeye mwenyewe, tukatuma. Jumla 633,000. Kesho yake simu haipatikani, WhatsApp kanibloki.

Dalili zilikuwepo, tuliziona tukazifumbia macho. Barua ilisainiwa Jumapili. Email ni ya gmail. Ukurasa wa pili kulikuwa na jina la kikundi kingine kabisa cha Morogoro, tukamuuliza, akasema karani kakosea. Karani hakukosea, alisahau kufuta jina la waliopigwa kabla yetu.

Nimekaa na afisa utamaduni wa manispaa baada ya hapo (tungeenda kwake mwanzo tusingefika huku) na nimesoma sana, nawapa nilichoelewa. Kodi ya zuio inakatwa kwenye hela yenyewe wakati unalipwa, mtu hawezi kukuambia utangulize kodi ya hela ambayo hujaishika. Na malipo yoyote ya serikali, iwe TRA iwe ada za BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), yanatoka na kontroo namba, hayaendi kwenye namba ya mtu ya M-Pesa yenye jina la mtu. Mfadhili wa kweli anaingiza kwenye akaunti ya benki ya kikundi, mara nyingi kwa awamu, halafu anakusumbua na risiti na ripoti mpaka umchukie. Huyu wetu hakuuliza hata siku moja spika tutakodi bei gani! Mfadhili asiyekuuliza bajeti yako huyo anaangalia mfuko wako.

Kuna watu wanachanganya pia, naona kwenye magrupu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, unarudisha. Ile asilimia 10 ya halmashauri ya wanawake, vijana na wenye ulemavu nayo ni mkopo, haina riba lakini unarudisha. Sasa mtu akikwambia ana ruzuku kutoka huko, muulize vizuri. Ruzuku zipo kweli, mfano UNESCO wana mfuko wao unaotokana na ule mkataba wa 2005 wa kulinda tofauti za tamaduni, unaomba mwenyewe mtandaoni, kuomba ni bure, na dirisha likifunguliwa linatangazwa hadharani. Hakuna wakala wa kukaa kwenye benchi lenu.

Ila 633,000 tutaisahau, nyaraka ndo zinaninyima usingizi. Tulimpa kopi ya katiba, cheti cha usajili, majina ya watia saini wa akaunti, na namba za NIDA za watu 6. Baada ya simu ya Tanga nikawaambia wote wapige *106# waangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA zao, kijana wetu mmoja kakuta laini mbili hazijui. Ameenda kuzifuta. Kama mlishatoa NIDA zenu kwa mtu wa aina hii pigeni leo, na namba iliyowatapeli itumeni 15040. Benki nako tumeenda kuwaambia, wametuandikisha watia saini upya.

Polisi tumeripoti, RB tunayo. Dada wa Tanga namshukuru, wao walikuwa wameshalipa ile ya kwanza tu, wakasita kwenye ya kutafsiri kwa sababu mwalimu wa Kiingereza wanaye kwenye kikundi. Wa Morogoro tunawatafuta, mkiusoma huu uzi njooni inbox tuunganishe taarifa, tukiwa wengi kesi inakuwa na uzito.

Narudia kwa wanaopita haraka: ukitumiwa picha ya watu wamevaa kanga za bluu wamesimama kwenye kiwanja cha vumbi na hundi kubwa, HATUJAPATA ruzuku yoyote. Angalia kona ya chini kulia ya hiyo hundi, rangi imebanduka na maandishi ya boksi la friji yanaonekana.