Ndago ya Evergold: miaka minne kivulini

Ukitaja ndago, mkulima hukunja uso. Anaikumbuka ile ya shambani, yenye vijiazi ardhini, unaing'oa leo keshokutwa imerudi. Hii ninayoisifu ni ya ukoo huohuo ila tabia ni nyingine kabisa: Carex oshimensis, asili yake Japani, aina ya 'Evergold'. Udugu wao utauona kwenye kikonyo cha ua. Kiviringishe kati ya vidole, utahisi pembe tatu.

Chini ya mti wangu mkubwa nyasi zilikufa mara tatu, maana jua halifiki na mizizi ya mti hunywa kila tone. Nikapanda miche tisa ya Evergold, sentimita 30 toka mmoja hadi mwingine, nikachanganya mboji na kutandaza majani makavu. Sasa udongo hauonekani. Majani membamba yameinama pande zote kama nywele zilizochanwa, kingo za kijani, katikati mstari wa rangi ya malai. Jioni kona ile huwa na mwanga wake. Na haibaki uchi msimu wowote, hata baridi ikikaza.

Mwaka wa kwanza kazi ipo, usidanganyike. Nilimwagilia mara mbili kwa wiki hadi mizizi iliposhika. Siku hizi namwagilia wakati wa ukame tu. Kosa nililofanya ni kuikata yote hadi chini, kama wanavyofanya kwa nyasi za mapambo zinazokauka. Mashina mawili yalikaa zaidi ya mwaka ndipo yakajaa tena. Sasa navaa glavu, napitisha vidole kama kitana, majani makavu yanatoka yenyewe. Basi. Mwaka wa tatu niling'oa shina moja, nikaligawa mara nne kwa kisu kikali, kila kipande na mizizi yake. Vyote vilishika.

Hukua polepole, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Jua kali la mchana huchoma ncha, na maji yakituama mizizi huoza. Mwenye haraka achukue Carex morrowii 'Ice Dance', yenye kingo nyeupe, ambayo husambaa kwa mashina ya chini ya ardhi. Ninayo kando ya ukuta na imejaza vizuri, ila kwa uzuri wa karibu bado naichagua Evergold. Wiki hii nimegawa mashina mawili mengine kwa ajili ya nyuma ya banda, mahali ambapo hakijawahi kuota kitu.