Kukarabati bafu: njia nne, kuanzia inayolipa hadi inayokula pesa bure

Fundi bomba mzoefu akiingia bafuni kwako haangalii vigae. Anainama nyuma ya choo, anatazama bomba la maji machafu limetokea wapi, halafu anauliza: "Bosi, hiki kinabaki hapa hapa?" Ukijibu ndiyo, mtaelewana bei. Ukisema unataka kihamie upande wa dirishani, atakuna kichwa kwanza.

Nimesimamia ukarabati wa mabafu mawili, la kwangu Tabata na la mama mdogo Mbagala, na la pili lilikwenda vizuri kwa sababu la kwanza lilinitoa jasho. Hapa napanga njia nne alizo nazo mtu wa kawaida wa Dar bafu likishachoka, nikianza na ninayoona inalipa zaidi. Bei nitakazotaja ni za risiti za bafu la mama mdogo, mwaka 2023. Wewe chukua vipimo, bei weka za sokoni kwa siku unayonunua.

1. Vunja hadi kwenye zege, badilisha mabomba, choo kibaki kilipo

Hii naiweka juu bila kusita, kama nyumba ni yako na bafu lina umri wa kutosha kuwa na mabomba ya chuma ukutani. Mabomba yale huoza kwa ndani. Nje unaona maji yanatoka kidogo kidogo, unalaumu tangi, kumbe kutu imeziba njia hadi imebaki tundu la penseli. Kuweka vigae vipya juu ya bomba la namna hiyo ni kumvalisha mgonjwa suti.

Bafu la mama mdogo ni la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu peke yake ni mita za mraba 3.6. Kuta ukizizunguka ni mita 7.8, ukipandisha vigae hadi usawa wa juu wa mlango, mita 2.1, na kutoa nafasi ya mlango, unabaki na karibu mita za mraba 15. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika. Vigae vya ukutani vya sentimita 30 kwa 60 vikikaa 8 kwenye boksi, boksi moja ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo ukuta ulikula boksi 12 na sakafu boksi 3. Gundi ya vigae mifuko 5 ya kilo 20. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupiga hesabu hii, na ukienda nayo dukani imeandikwa kwenye karatasi, muuzaji anaacha kukukadiria kwa macho.

Jumla ilikuwa shilingi milioni 1.98. Vigae vyenyewe, vile tulivyozunguka Kariakoo siku mbili tukibishania, vilikuwa 468,000. Havikufika robo. Choo na sinki la kunawia 355,000. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa mashine ya moto, pamoja na viungio vyake, 210,000. Dawa ya kuzuia maji 90,000. Fundi bomba na fundi vigae kwa pamoja 330,000. Kuvunja na kutoa kifusi 120,000, na hapo kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikuja mara mbili kwa sababu vigae vya zamani na plasta yake ni mzigo kuliko mtu anavyofikiri. Kilichobaki, 405,000, kilipotelea kwenye gundi, saruji, mchanga, koki, bomba la mvua, grauti ya kujaza mianya ya vigae, silikoni na nauli. Kile ambacho hakuna mtu anayekihesabu wakati wa kupanga kikawa karibu sawa na bei ya vigae.

Kuhusu dawa ya kuzuia maji, hapo usikubali kona ikatwe. Inapakwa kwenye sakafu mara mbili na kupanda ukutani, juu zaidi pale mtu anapoogea. Ikikauka, ziba tundu la maji kwa kitambaa na mfuko, jaza maji kina cha vidole viwili, weka alama ya penseli ukutani, lala. Kesho saa ile ile angalia kama maji yameshuka chini ya alama. Fundi wetu alinung'unika kwamba anapoteza siku. Nilimlipa ile siku.

Na mabomba ya ukutani nayo yajaribiwe kabla hayajafukiwa: yazibwe miisho, yajazwe maji, yakae usiku mzima. Tabata sikulijua hili. Miezi minne baada ya fundi kuondoka, rangi ya chumba cha kulala ilianza kutoa malengelenge nyuma ya kitanda. Kiungio kimoja kilikuwa kinavuja kama jasho, na ili kukifikia vilivunjwa vigae sita vya duka ambalo tayari lilikuwa limebadilisha mzigo. Ukitembelea bafu langu utaviona: vina weupe wa aina nyingine.

2. Viraka vya maana

Kama wewe ni mpangaji, ruka namba moja, hii ndiyo yako. Hata mwenye nyumba ambaye bafu lake halivuji aanzie hapa. Kwangua grauti nyeusi, weka mpya. Toa silikoni iliyooza pembeni ya sinki. Badilisha mashine ya ndani ya tangi la kuflashi badala ya kununua choo kizima; choo kinachochuruzika mchana kutwa mara nyingi kina tatizo la mpira tu. Kifuniko kipya cha choo, koki mpya, rangi ya mafuta kwenye dari. Ni kazi ya siku mbili, na kifusi chake kinaingia kwenye ndoo.

Kabla ya kuchagua njia hii, chukua sarafu ugonge vigae kimoja kimoja. Vinavyolia kama debe tupu vimeachana na plasta. Vikiwa vitatu vinne, tengeneza hivyo. Ukuta mzima ukilia, rudi namba moja, maana unapamba kitu kinachosubiri kudondoka.

3. Hamisha kila kitu

Kuna wakati hakuna budi. Kuna nyumba choo kinatazamana na mlango wa sebule, au unataka kugawa bafu moja kuwa mawili. Lakini jua unacholipia. Bomba la choo ni la inchi 4, yaani milimita 110 kwa nje, na linahitaji mteremko. Mafundi hutumia sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Ukihamisha choo mita 2, mwisho wa bomba ni lazima uwe chini kwa sentimita 5 hivi kuliko mwanzo. Ongeza unene wa bomba, kisha zege na kigae cha kulifunika. Sentimita hizo zitoke wapi? Ama uvunje jamvi, yaani zege la sakafu, na kuchimba hadi kwenye chemba ya nje, ama uinue sakafu nzima ya bafu uingie kwa ngazi. Nimeona bafu la namna hiyo kwa rafiki. Mzee wake akienda usiku anashikiliwa mkono.

Ghorofani ndiyo kabisa. Bomba lako linapita juu ya dari ya jirani wa chini, na ruhusa yake ni sehemu ya bei. Sinki la kunawia na bomba la mvua huhama kwa urahisi kwa sababu mabomba yake ni membamba. Kama unataka bafu lionekane jipya kabisa, hamisha hivyo viwili, choo kiache.

4. Kigae juu ya kigae

Utaambiwa ni nafuu, hakuna kuvunja, hakuna vumbi. Kweli, kwa siku ya kwanza. Sakafu inapanda karibu sentimita mbili: mlango unagoma, unaukata chini, tundu la maji linabaki shimoni, choo lazima kinyanyuliwe. Bomba bovu limebaki pale pale, sasa limevikwa ngozi mbili. Mbinu yenyewe haina ubaya kwenye ukuta mkavu wa jikoni wenye vigae vilivyoshika vizuri. Bafuni nimeiweka ya mwisho, na kama kungekuwa na ya tano ningeishusha.

Vinavyopandisha bei kimyakimya

Urefu wa vigae ndio wa kwanza. Lile bafu la mama mdogo, tungepandisha hadi darini kwa mita 3, boksi za ukutani zingetoka 12 kuwa 17, na gundi na ufundi vingepanda navyo. Juu ya mlango hapaogwi. Pakaa rangi ya mafuta. Ukubwa nao una siri yake: vigae vya 60 kwa 60 kwenye sakafu ndogo yenye mteremko vinakatwa sana na havikubali kuinama kuelekea tundu la maji. Sakafuni chukua vidogo, na viwe vya kukwaruza kidogo. Vile vinavyong'aa kama kioo vimewavunja watu nyonga. Usidharau vya nchini, kuna viwanda Mkuranga na Chalinze, hapo Pwani tu, na faida yake kubwa ni kwamba ukipungukiwa boksi moja una nafasi nzuri ya kuipata.

Choo: pima kabla ya kununua. Vipo vinavyotoa maji machafu chini sakafuni na vipo vinavyotoa nyuma ukutani, na dukani vinafanana. Mimi nilinunua cha ukutani wakati bomba langu liko sakafuni. Duka lilikataa kurudisha kwa sababu boksi lilikuwa limefunguliwa, na kwa kweli nani ananunua choo bila kufungua boksi? Kwa cha sakafuni, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, ukihesabu na unene wa kigae kitakachokuja. Halafu waulize wazee wa nyumba. Mama mdogo ana choo cha kukaa ndani na cha kuchuchumaa uani, na cha uani hakuna aliyethubutu kukigusa.

Koki: zipime kwa mkono. Ya shaba nzito hukaa miaka. Nyepesi iliyopakwa rangi ya fedha, kwa maji ya chumvi ya visima vyetu vya pwani, hubabuka mapema. Kama pesa haitoshi shaba, chukua plastiki nzuri, haipati kutu. Na lile bomba la mvua pana kama sinia, la hotelini, liache hotelini. Tangi lililo juu mita 3 linakupa presha ndogo sana. Maji yatadondoka kama paa linalovuja.

Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 haigharimu sana dukani. Gharama iko ukutani, maana inavuta karibu ampea 24, hivyo inataka waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya umeme, swichi yake na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Usimruhusu fundi aiunge kwenye waya wa taa. Kisha kuna umeme wa LUKU: dakika 10 za kuoga ni karibu uniti moja. Watu wanne kila siku, uniti 110 kwa mwezi, na kama ulikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75, umeshatoka.

Fundi na malipo

Fundi vigae mlipe kwa mita ya mraba, fundi bomba mpatane kazi nzima. Wa siku, kazi ya wiki hugeuka wiki tatu. Vifaa nunua mwenyewe, yeye akuandikie orodha, na risiti za EFD uzitunze. Tulimlipa fundi bomba kwa awamu tatu: ya kuanza, ya baada ya jaribio la maji, na ya mwisho wiki moja baada ya bafu kutumika. Hiyo wiki ilitosha kugundua kwamba maji yalikuwa yanatuama kwenye kona nyuma ya mlango. Alirudi na pimamaji yake, akabandua vigae vinne, akarekebisha nusu siku, akachukua chake.

Mwisho kabisa, wakati wa kununua vigae soma namba ya mzigo kwenye kila boksi, zote zifanane, na ununue boksi moja ya ziada. Ya mama mdogo iko chini ya kitanda, haijafunguliwa, imewekewa juu yake mifuko ya nguo za sikukuu.