Mkia unatetemeka: mkanda au shafti?

Helikopta ya rimoti ikianza kutikisa mkia, ubishi huwa uleule: kosa ni la mkanda au la shafti (fimbo ndefu), yaani kile kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye rota ya mkia? Kabla ya kulaumu mkanda au shafti, tazama jairo (kifaa cha kielektroniki kinachotuliza mkia): mkia ukipepesuka harakaharaka kushoto na kulia huku mwili umetulia, mara nyingi jairo imeongezwa makali kupita kiasi. Yapunguze kwanza. Ekseli ya rota ya mkia nayo ikipinda, mfumo wowote utatetemeka.

Kwa gharama ya ajali, mkanda unashinda wazi. Mapanga ya mkia yakikwangua nyasi, mkanda huruka meno na mara nyingi hupona. Kwenye shafti, gia ndizo zinazonyofoka meno.

Kwenye mtetemo wenyewe, shafti ina ugonjwa wake. Ndani ya bomba la mkia hushikiliwa na beringi iliyovishwa mpira. Beringi ikihama, shafti hupigapiga ndani kama kamba ya kuruka, na bomba zima linanguruma. (Niliwahi kubadilisha mapanga mara mbili bure, beringi ilikuwa imesogea kidogo tu.) Ukiirudisha, paka mpira mafuta kidogo uteleze bila kujikunja.

Mkanda hulegea, basi. Ubonyeze kwa kidole: pande mbili zikigusana kirahisi, kaza. Shafti haidai kukazwa, na hula nguvu pungufu kuliko mkanda unaposhuka injini imezimwa.

Unayejifunza na kuanguka kila wiki, mkanda utakuvumilia. Unayepindua angani na kutaka mkia usiochelewa, shafti. Mimi ninazo zote mbili. Ya mkanda ndiyo ninayoazimisha.