Camp de Thiaroye: mateka wamerudi, malipo hayajaja

Filamu nyingi za mateka wa vita huishia pale mfungwa anapovuka seng'enge. Hii ndiyo kwanza inaanza. Camp de Thiaroye, iliyoongozwa na Ousmane Sembène pamoja na Thierno Faty Sow mwaka 1988, inafunguka bandarini Dakar, Novemba 1944. Askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa wanashuka melini wakiwa wamevaa sare za Kimarekani, baada ya miaka minne mikononi mwa Wajerumani. Wanapelekwa kambi ya Thiaroye, nje kidogo ya mji, wasubiri mambo mawili: pesa zao na safari ya kwao. Saa mbili na nusu zinazofuata zinaonyesha jinsi dai la mshahara lilivyojibiwa kwa mizinga.

Anayeiendea akitaka mahandaki na pikipiki atachoka kabla ya nusu saa. Kwa hayo ipo The Great Escape ya John Sturges (1963), na haki yake ipewe: upande wa ufundi iko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Shimo halisi la Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya kufungia wanaanga waliotekwa, lililoitwa Harry, lilikuwa na urefu wa mita 102 na kina cha mita 8.5 hivi, na kuta zake zilishikiliwa kwa mbao za vitanda vya wafungwa. Hewa ilipitishwa kwa makopo ya maziwa ya unga yaliyounganishwa. Mchanga wa chini ulikuwa wa manjano na wa juu wa kijivu, ndiyo maana ilibidi umwagwe kidogo kidogo kutoka kwenye vifuko vilivyofichwa ndani ya suruali. Yote hayo filamu inayo. Imekosea hali ya hewa, kwa kuwa usiku wa 24 Machi 1944 kulikuwa na theluji ilhali kwenye skrini majani ni mabichi, na ile pikipiki ya Steve McQueen haikuwapo kabisa. Watu 76 walitoka, 73 wakakamatwa tena, 50 kati yao wakapigwa risasi. Muziki wa Elmer Bernstein hata hivyo unakuacha ukipiga mluzi.

Ukitoka Thiaroye hupigi mluzi. Sembène, ambaye mwenyewe alitumikia jeshi hilo la kikoloni wakati wa vita, hajali shimo limechimbwaje. Anachohesabu ni sare, chakula na noti, kwa mpangilio huohuo, na kila kimoja kinamshusha askari ngazi moja.

Sare kwanza. Sajini-mkuu Diatta (Ibrahima Sane) anakwenda mjini kunywa, na kwenye danguro wanamdhania Mmarekani mweusi. Akishajulikana kuwa ni Mwafrika anatimuliwa, kisha polisi wa jeshi la Marekani wanampiga kwa kuvaa nguo zisizo zake. Baadaye kambi nzima inaamriwa kuzivua zile sare na kurudia suruali fupi na kofia nyekundu aina ya tarbushi. Mwongozaji haongezi hotuba hapo. Kamera inakaa tu, wanaume waliopigana na kufungwa Ulaya wakirudi kuwa "watoto" wa kikoloni kwa kubadilisha nguo. Ni onyesho bora kuliko yote katika filamu.

Chakula kinafuata: uji wa ovyo usio na nyama, kwa hoja kwamba Mwafrika hana desturi ya kula vizuri hivyo. Sehemu hii imenyooka mno, na ofisa anayetoa hoja anaigizwa kama kikaragosi. Tuipite.

Pesa ndiyo roho ya hadithi, na hapa mtazamaji asiyejua hesabu yake atakosa uchungu wa jambo. Mateka wa vita ni askari aliye kazini. Kukamatwa na adui hakusimamishi mshahara wake, bali kunauchelewesha. Kwa hiyo hawa walikuwa na malimbikizo ya miaka minne. Utaratibu wa 1944 ulisema robo ilipwe Ufaransa kabla ya kupanda meli, na robo tatu zilizobaki zilipwe wakifika Dakar. Wapo zaidi ya 300 waliogoma kupanda meli pale Morlaix, bandari ya Ufaransa, wakidai chao kwanza. Walikuwa na akili. Waliofika Dakar walikuta robo tatu hazipo, na hata zile noti walizokuwa nazo mfukoni zikatiliwa shaka, kana kwamba mtu mweusi mwenye noti lazima ameziiba. Kwenye filamu ofisa anakaa mezani na kuzibadilisha kwa nusu ya thamani. Kumbuka kwamba mwaka huo faranga ya Ufaransa na ile ya makoloni yake ya Afrika Magharibi zilikuwa sawa kwa sawa. Faranga ya CFA ilizaliwa Desemba 1945. Hivyo hakuna "kiwango cha kubadilishia" cha kujificha nyuma yake. Ni wizi wa mchana, na askari wote chumbani wanajua kuhesabu.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao.

Wakinyimwa, askari wanamzuia jenerali kambini. Anaapa kwa heshima ya ofisa kwamba watalipwa kiwango kamili, wanamwachia, wanacheza ngoma. Ahadi ni deni, lakini huyu ameitoa ili atoke, hakuitoa ili alipe.

Anayelinda mnarani usiku ule ni Pays, yaani "Nchi", anayeigizwa na Sidiki Bakaba wa Côte d'Ivoire. Huyu alipitia Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, hawezi tena kusema, na hutembea na kofia ya chuma ya Kijerumani kichwani. Mapema katika filamu anaona seng'enge ya Thiaroye na kuishika kwa hofu. Mwenzake anachota mchanga na kumwekea kiganjani ili aamini amerudi Afrika. Sasa anaona vifaru vinakuja, anakimbia kuwaamsha wenzake kwa sauti zisizo maneno, nao wanadhani wazimu umempanda. Mwigizaji wa kawaida angetia chumvi. Bakaba anatumia macho na mikono tu, na ndiye anayeibeba filamu kuliko Diatta, ambaye ameandikwa mkamilifu kupita kiasi: msomaji, mjuzi wa lugha, mwenye mke Mfaransa na jibu kwa kila ofisa.

Lugha ndiyo sababu ya pili ya kuitazama kwa makini. Askari wanatoka makoloni mbalimbali na kuitana kwa majina ya nchi zao, Niger, Gabon, Congo, na wanaelewana kwa Kifaransa cha jeshini, kisicho na mnyambuliko wa vitenzi. Wakoloni walikibuni ili watoe amri. Hawa wanakigeuza lugha ya baraza na kupigia kura. Kwa sababu hiyo hii si filamu ya kutazamia kibanda umiza na dijei akitafsiri juu ya sauti. Tofauti kati ya Kifaransa cha Diatta na cha wenzake itafutika, na nusu ya mzaha itakwenda nayo. Tafuta nakala yenye tafsiri ya maandishi chini ya skrini.

Kuna mambo ambayo filamu imebadilisha, na ni vizuri kuyajua kabla ya kuitumia darasani. Shambulio linaonyeshwa usiku wa manane kwa safu ya vifaru. Kwa kweli lilikuwa asubuhi ya 1 Desemba 1944, na kulikuwa na kifaru kimoja chepesi cha Kimarekani, magari ya deraya na askari wa miguu. Kuzuiwa kwa jenerali kulitokea 28 Novemba, gari lake lilipofungiwa njia, wala hakukaa mateka muda mrefu kama kwenye hadithi. Buchenwald nako kunaweza kupotosha. Wajerumani hawakutaka askari weusi katika ardhi yao, hivyo wengi wao walifungwa katika kambi zilizoitwa Frontstalag ndani ya Ufaransa iliyokaliwa, na kuanzia 1943 baadhi ya kambi hizo zililindwa na Wafaransa wenyewe. Inashangaza Sembène hakuligusa hilo, maana lingekata kuliko kofia ya Kijerumani.

Idadi ya waliouawa bado ni ugomvi. Ripoti za jeshi zilitaja 35, nyingine 70, na wapo wanahistoria wanaosema mamia. Hata idadi ya waliofika Dakar inabishaniwa, karibu 1,300 au zaidi ya 1,600. Kati ya walionusurika, 34 walihukumiwa Machi 1945, wengine hadi kifungo cha miaka 10. Neno "mauaji ya halaiki" Rais wa Ufaransa alilikubali kwa maandishi Novemba 2024. Filamu ilikuwa imelisema miaka 36 kabla, kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia bila senti ya Ufaransa, ikapata tuzo maalumu ya majaji kule Venice, na Wafaransa wakakaa miaka mingi bila kuiona kwenye kumbi zao.

Ukitaka ya kulinganisha, weka kando yake The Bridge on the River Kwai ya David Lean (1957). Ni kazi nzuri zaidi kwa kamera, imepigwa Sri Lanka, na Alec Guinness, anayeigiza ofisa mateka anayewajengea Wajapani daraja kwa majivuno, hana mpinzani. Lakini reli ile ya Thailand na Burma iliua zaidi ya mateka 12,000 wa nchi za Magharibi na vibarua wa Kiasia wanaokadiriwa kufika 90,000, na hao wa pili ndani ya filamu ni kama hawapo. Afisa halisi wa daraja, Philip Toosey, hakujenga kwa majivuno. Alichelewesha kazi kila alipoweza.

Kuhusu nakala: Camp de Thiaroye ilisafishwa upya na kuonyeshwa Cannes mwaka 2024 katika sehemu ya filamu za kale. Tafuta hiyo. Katika nakala zilizotokana na kanda za video rangi zimepauka, na usiku wa shambulio unakuwa weusi mtupu wenye vimulimuli. Saa ya kwanza ni ya polepole, na ile ziara ya mjomba wa Diatta inakata uzi. Vumilia, kwa sababu hapo ndipo anapopata habari za kijiji chao, Effok, kilichoteketezwa na Wafaransa haohao.

Na usizime risasi zinapokwisha. Baada ya makaburi inakuja bandari ileile ya mwanzo, na kundi jipya la vijana waliovaa tarbushi linapanda meli kwenda Ulaya.